Roadster Kutoka Nairobi: Simulizi ya Safari ya Kulifuata Gari Nililolinunua Bila Kuliona

Jumatatu: Malindi hadi Nairobi

Tuliondoka Malindi baada ya sala ya alfajiri, mimi na mjomba wangu, kwa matatu ya Mombasa, kila mmoja na mkoba mdogo wa kupakata, kwa sababu gari tulilokuwa tukilifuata lina viti viwili tu na buti lisiloweza kumeza sanduku kubwa. Gari lenyewe ni Mazda Roadster, ambalo katika nchi nyingi hujulikana kwa jina la MX-5. Ni la kizazi cha nne, kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 2015, rangi nyekundu, gia sita za mkono, injini ya lita 1.5. Lilikuwa Nairobi, nami nilikuwa nimeafikiana bei na mwenyewe nikiwa Malindi, bila kuligusa na bila kusikia injini yake isipokuwa kupitia simu.

Magari ya namna hii ni machache pwani, na mtu akitaka moja lililotunzwa hana budi kutafuta mbali. Mjomba alipinga tangu mwanzo. Ameendesha malori kati ya Mombasa na Nairobi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na neno lake lilikuwa moja: “Mwanangu, gari halinunuliwi kwa picha. Picha haina harufu.” Nilimjibu kwamba picha ndicho kitu cha mwisho nilichokitegemea, na nikamwomba tufuatane ili ajionee mwenyewe, naye akakubali kwa sharti kwamba asiporidhika tutarudi kwa treni.

Kabla ya kutoa hata senti moja nilimtaka muuzaji anitumie nakala ya logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, cheti cha Japani cha kuliondoa gari nchini, na karatasi ya mnada ambamo gari lilinunuliwa kabla ya kupakiwa melini. Nilimwomba pia anirekodie video alfajiri, kabla gari halijawashwa, ikionyesha dashibodi, sauti ya injini inapoamka na moshi wa ekzosi, maana injini iliyokwisha kupata moto huweza kuficha maradhi ambayo injini baridi huyatangaza. Nilitafuta rekodi za gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya Kenya ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikahakikisha kwamba jina la mmiliki ni la yule niliyekuwa nikizungumza naye, na kwamba hakuna benki iliyoandikwa pamoja naye kwa sababu ya mkopo. Baada ya hayo ndipo nilipomtuma fundi wa Nairobi, asiyejuana na muuzaji na aliyelipwa na mimi peke yangu, akalitazame. Fedha niliyoitanguliza ilikuwa arubuni ndogo, na tuliandikiana kwamba itarudishwa endapo gari litatofautiana na karatasi zake.

Mombasa tulikwenda moja kwa moja hadi stesheni ya Miritini. Mizigo ilipangwa chini, mbwa wa polisi wakainusa, vitambulisho vikakaguliwa, tukapanda. Reli hii, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inafuatana na barabara kuu kwa sehemu kubwa ya safari, na mjomba alikaa dirishani akihesabu malori na kunitajia mahali ambapo barabara ingetutaka subira siku ya kurudi.

Ndani ya treni nilimsomea karatasi ya mnada. Minada ya magari ya Japani huwa na mkaguzi wake ambaye si muuzaji wala mnunuzi, naye hulipatia gari daraja na kuchora kila kasoro kwenye mchoro wa bodi kwa herufi na tarakimu. Herufi A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Tarakimu inayofuata huonyesha ukubwa wa kasoro. Gari lililowahi kupata ajali ya kugusa mifupa ya bodi hupewa R au RA badala ya daraja la kawaida. Letu lilikuwa daraja la 4, ndani B, likiwa na A1 kwenye bampa ya nyuma, U1 kwenye mlango wa kushoto na W1 juu ya gurudumu la nyuma la kulia. Odometa ilikuwa imesoma kilomita 41,000 na kitu lilipouzwa mnadani mwaka 2021, mwaka ambao lilishushwa Mombasa likiwa ndani ya kikomo cha miaka minane ambacho Kenya huruhusu kwa magari yaliyotumika. Cheti cha kuliondoa Japani nacho huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi, na hesabu yake haikupingana na ya mnada. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wake wa shati.

Jumanne: Nairobi

Nilikuwa nimemwomba muuzaji asiliwashe gari kabla hatujafika. Mjomba hakusalimia gari kabla ya kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi kama jiwe la asubuhi, na hapo uso wake ukalegea kidogo. Fundi wetu alikwisha kufika. Tulianza na namba ya chesi, inayoanza kwa ND5RC, tukaisoma kwa tochi tarakimu moja moja, mjomba akifuatisha kwa kidole kwenye logibuku na mimi kwenye karatasi ya mnada. Namba ya injini nayo ikasomwa hivyo hivyo. Huu ni ukaguzi wa dakika chache, na sioni sababu ya mtu kuuruka, kwa sababu namba isiyolingana ni kesi ambayo pesa haziwezi kuimaliza.

Kisha fundi akatoa kipimo cha unene wa rangi na kukipitisha juu ya bodi, kipande kwa kipande. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni (sehemu za elfu za milimita) 100 na 150 hivi, na ndivyo kipimo kilivyokuwa kikisoma kwenye boneti, milangoni na kwenye buti. Kilipofika juu ya gurudumu la nyuma la kulia kikaruka hadi zaidi ya mara mbili. Muuzaji alishtuka, mimi nikafurahi, maana hapo ndipo penye W1 kwenye mchoro wa mkaguzi wa Japani. Karatasi ile ilikuwa imesema kweli mahali ambapo ingeweza kunyamaza, na tangu wakati huo niliisadiki kwa mengine ambayo hatukuwa na vifaa vya kuyapima.

Lakini tulipofungua mlango, mjomba alisimama akanusa, akanitazama. Kulikuwa na harufu ya unyevunyevu, ile ya zulia lililolowa likakauka nusu, jambo ambalo hakuna picha wala video iliyowahi kunionyesha. Fundi alivuta kiti cha dereva mbele, akainua zulia nyuma yake, na chini yake tukaona alama ya maji yenye kingo za kahawia. Roadster lina paa la turubai ambalo maji yake hayamwagiki pembeni kama ya gari la kawaida. Huteremka kwenye mfereji uliojificha, yakaingia katika matundu mawili nyuma ya viti, moja kila upande, na kutokea chini ya gari. Matundu yakizibwa, maji hutafuta njia ya ndani. Fundi aliingiza mrija mwembamba wa plastiki katika tundu la upande wa dereva, akauzungusha taratibu, na alipouvuta ukaja na tope jeusi na vijani vidogo vya mjakaranda vilivyooza, kwa kuwa gari lilikuwa likilala chini ya mti huo. Alirudia mpaka mrija ukatoka safi. Ndipo akaomba jagi la maji, akalimimina juu ya mfereji polepole, nasi wote, muuzaji akiwamo, tukainama kutazama chini: maji yalitiririka mbele ya gurudumu la nyuma, meupe, bila tone kubaki ndani. Kutu ilikuwa kwenye vichwa vya boliti za kiti tu. Sakafu yenyewe ilikuwa nzima.

Matairi yalikuwa na kisa chake. Muuzaji aliniambia kwenye simu kwamba meno ni mazuri, na alisema kweli. Hata hivyo kila tairi lina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, na yale ya mbele yaliishia na 15. Yalikuwa yametoka kiwandani na gari. Mpira wa umri huo hukakamaa hata kama haujatembezwa sana, na mimi sikuwa tayari kuteremka nao hadi pwani nikiwa na malori mbele na nyuma, katika gari ambalo halina tairi la akiba. Watengenezaji waliweka kopo la dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo ili kupunguza uzito, nalo kopo lilikwisha muda wake.

Muuzaji aliliendesha kwanza, mimi nikiwa abiria, kisha tukabadilishana. Nilisikiliza zaidi gia ya pili inapoingia wakati mafuta ya giaboksi bado ni mazito, nikajaribu breki mikono ikiwa imelegea kwenye usukani kuona kama litavuta upande. Halikuvuta. Nguvu zilinipungukia kuliko nilivyotazamia, na fundi akanieleza kwamba Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake huko. Kiwandani injini hii imeandikiwa nguvu za farasi 131. Kuzipata zote, akasema, ni lazima niende nalo nyumbani.

Tuliketi kuzungumza bei. Muuzaji hakuwa mkaidi, na nadhani kuyaona yale majani kwa macho yake kulimsaidia kuliko maneno yangu yote. Alipunguza thamani ya matairi mawili na ya kulikausha na kulisafisha zulia, tukapeana mikono.

Jumatano: Nairobi

Siku ya karatasi. Kiasi kilichobaki kilipita kiwango cha M-Pesa, ambayo hairuhusu zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo tulikwenda benki. Mkataba wa mauzo ulitiwa saini mbele ya wakili, na humo tulikubaliana kwamba fungu dogo la mwisho litakaa kwa wakili mpaka umiliki uhamie kwangu. Muuzaji alianzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya NTSA, mimi nikaupokea kwenye yangu na kulipa ada, ambayo hutegemea ukubwa wa injini. Nilichukua bima ya kina badala ya ile ya kumlinda mtu wa tatu peke yake, maana gari dogo na jekundu kwenye barabara ya malori linahitaji zaidi ya yale ambayo sheria inalazimisha. Matairi mapya ya mbele, 195/50 ya inchi 16, yakafungwa jioni, magurudumu yakapangwa sawa, na kopo jipya la dawa ya pancha likanunuliwa.

Alhamisi: Nairobi hadi Voi

Tuliamka mapema ili tupite Mlolongo kabla malori hayajajaa mzanini. Mjomba hakutaka usukani. Alisema kwanza nilijue gari, yeye atakuwa jicho la pili. Ilikuwa msaada mkubwa, kwa sababu dereva wa Roadster hukaa chini kiasi kwamba akiwa nyuma ya trela haoni chochote ila matope ya magurudumu. Kanuni ya mjomba ilikuwa kukaa mbali nyuma ya lori, mpaka upande wa mbele uonekane wenyewe, na kutoka pale tu ambapo njia iko wazi kwa urefu wote wa kurudi. Alinionya pia nisiamini taa ya lori la mbele inayowaka upande wa kulia, kwa kuwa dereva mmoja huiwasha kukukaribisha na mwingine kukuzuia. Kwenye miteremko ya Salama nilishuka kwa gia ya tatu, breki zikapumzika, na hapo nilianza kulielewa gari. Halifiki hata tani moja na robo tukiwa sote wawili ndani, na kila linalofanywa na usukani hujulikana mara moja kiunoni mwa dereva.

Tulipumzika Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambako msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukala dengu na chapati pamoja na madereva wawili ambao mjomba alikuwa na mengi ya kuulizana nao kuhusu watu waliowahi kufanya kazi pamoja.

Mtito Andei, ambapo safari ya kwenda Mombasa hufika nusu yake, nilizima injini, nikangoja, nikapima oili na maji. Oili haikuwa imeshuka. Upepo wa matairi niliupima pia kwa udadisi: hewa ya nje inapozidi kuwa nzito kadiri unavyoteremka, kipimo hupaswa kushuka, lakini joto la mchana huupandisha, na viwili hivyo vilikaribia kufutana. Baada ya hapo ni Tsavo pande zote mbili, ardhi nyekundu, waya wa reli upande mmoja. Tulilala Voi ingawa jua lilikuwa bado na nguvu. Kuendelea kungetufanya tupite usiku penye malori yasiyo na taa za nyuma na ndovu wanaoweza kuvuka, tukiwa na gari tuliloliendesha kwa siku moja tu.

Ijumaa: Voi hadi Malindi

Asubuhi fundi wa kituo cha mafuta alilipandisha gari kwenye mashine, tukatembea chini yake kwa tochi. Giaboksi ilikuwa kavu, difu (gia za ekseli ya nyuma) kavu, mpira wa shafti haukupasuka. Mjomba aligusa matundu mawili ya maji kwa kidole na kunionyesha vumbi jekundu: yalikuwa wazi.

Tulifika Mackinnon Road kabla ya sala ya Ijumaa, tukasali katika msikiti wa Sayyid Baghali Shah ulio kando ya barabara, ambao mjomba hakuwahi kuupita bila kusimama enzi za malori. Watoto walilizunguka gari tulipotoka, na mmoja akauliza abiria wengine hukaa wapi.

Mariakani tuliacha barabara kuu. Gari la juu lingeweza kukata tangu Voi, kupitia mbuga hadi lango la Sala na kutokea Malindi, lakini njia hiyo si ya gari lenye nafasi ya sentimita 14 hivi kati ya tumbo lake na ardhi. Tulichukua lami ya Kaloleni inayotokea Mavueni, tukaepuka msongamano wa Mombasa. Matuta ndiyo yaliyotuchelewesha. Tuta la mviringo mpana halina taabu, bali yale mafupi yenye mgongo wa ghafla hukwaruza, na dawa yake ni kuliingia kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, mguu ukiwa umetoka kwenye breki ili pua isiiname. Mara mbili mjomba aliteremka, akachuchumaa mbele ya gari, akaniongoza kwa mkono kama anavyoongoza trela rivasi. Halikugusa. Nilipoinua kichwa baada ya tuta la pili tulikuwa katikati ya minazi ya Kaloleni, nikalifyatua komeo la paa, nikalisukuma nyuma kwa mkono mmoja bila kutoka kitini, na upepo wa pwani ukaingia.

Kutoka Mavueni tulivuka daraja la Kilifi, na baada ya mji, barabara ilipofunguka, niliisikia ile nguvu niliyoambiwa Nairobi. Gia ya tatu ilivuta kwa sauti nyingine kabisa, bila kusitasita, na mjomba, ambaye tangu Malindi hadi Nairobi na kurudi hakuwa amelisifu gari kwa neno, alisema, “Sasa limefika kwao.” Tulipita msitu wa Arabuko-Sokoke kivulini, Gede, kisha mji wetu.

Jumamosi: Malindi

Hewa ya chumvi hula chuma, na gari lililokaa Nairobi miaka yake yote ya Kenya halijawahi kuijua. Asubuhi lilipanda kwenye gereji ya fundi wa hapa Malindi, ambaye amezoea magari ya Waitalia wanaoishi mjini na kwa hiyo hashangai kuona gari la paa la turubai. Alilioshea chini kwa maji matamu, akalikausha kwa upepo wa kompresa, akanyunyizia nta ya kuzuia kutu ndani ya mashimo ya bodi, kwenye viungo vya shokomzoba na kwenye zile boliti za kiti baada ya kuzisugua. Zulia lilianikwa uani kwetu. Nimelitengea mahali penye bati juu, mbali na mwarobaini unaopukutisha majani, na matundu ya maji nimeyaandika kwenye kalenda pamoja na siku za kubadilisha oili.

Mchana ujumbe wa NTSA uliingia kwenye simu: umiliki umehamia kwangu. Nilimpigia wakili, nikamwambia amwachie muuzaji fungu lake lililobaki, kisha nikampigia muuzaji mwenyewe kumjulisha kwamba gari limefika salama na kwamba matundu ni makavu.